Kabla ya kuipungia kompyuta mkono

Shangazi yangu anauza mahamri na mbaazi Mji wa Kale. Oda zinaingia kwenye laptopu kuukuu niliyomwachia jikoni, na alfajiri mikono yake imejaa unga. Kitufe cha herufi N kilishakwama kwa donge.

Nikaamua aiamrishe kwa ishara. Zamani ungehitaji kifaa maalumu, kama Kinect ya Microsoft iliyotoka mwaka 2010. Leo kamera ya laptopu yenyewe inatosha: MediaPipe, programu ya bure ya Google, hutambua kiganja kwa alama 21, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Wewe kazi yako ni kuandika kwamba alama zikikaa hivi, fanya vile.

Mimi nikachagua kupunga mkono: kulia oda inayofuata, kushoto iliyopita. Kwangu ilifanya kazi vizuri sana. Asubuhi ya kwanza jikoni, akaingia jirani na habari za harusi. Jamani, mtu wa Mombasa akisimulia, mikono nayo inasimulia! Oda zikawa zinaruka mbele na nyuma, na kijana aliyekuja kuchukua mahamri 20 akapewa 6 za mtu mwingine.

"Mwanangu, hii mashine yako ina jini?"

Kwa hiyo, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kaa umtazame atakayeitumia anavyoongea. Mimi nilikaa siku mbili nikinywa chai ya bure. Kupunga, kunyoosha kiganja, kufunga ngumi, yote anayatumia. Nikabakiwa na vidole viwili vilivyosimama kwa oda inayofuata, na dole gumba kwa kurudi, tena lazima mkono utulie sekunde nzima ndipo amri ipite. Nikaongeza mlio mdogo, ajue imesikia.

Halafu mwanga. Dirisha likiwa nyuma yake, jua likichomoza kamera inaona kivuli tu, basi nikageuza meza. Kiwiko nacho kikae mezani, kwani mkono ulioning'inia hewani unachosha bega upesi. Kuandika kwa ishara usijaribu.

Limebaki moja. Akitaka kumwambia jirani "shoga, mambo ni mawili," huipa kompyuta mgongo kwanza, ndipo ainue vidole.