Giza limeingia, giza imeingia au kiza kimeingia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu aliandika katika insha yake "giza imeingia", mwalimu wake akasahihisha kuwa "limeingia". Bibi yake naye anashikilia kuwa ni "kiza kimeingia". Yupi yuko sahihi? Na je, ninaweza kusema nguo ya "bluu ya giza"?

JIBU: Marahaba. Mwalimu yuko sahihi, na bibi pia yuko sahihi. Giza limo katika ngeli ya LI-YA: giza hili, giza lile, giza limetanda. Waliotafsiri Biblia waliandika "giza lilikuwa juu ya uso wa vilindi vya maji", na hivyo ndivyo lilivyozoeleka katika maandishi. Kiza ni neno lilo hilo kwa umbo linalosikika zaidi mwambao na visiwani, na kwa kuwa linaanza na ki- limechukua upatanisho wa KI: kiza hiki, kiza kinene, kiza kimeingia. Bibi asisahihishwe.

Mtoto naye ana udhuru. Vivumishi vingi tunavyolipa neno hili havifichui ngeli yake. Tukisema giza nene au giza kubwa, sikio halipati li wala i, kwa sababu nene na kubwa hubaki vilevile katika LI na katika I. Ndiyo maana "giza hii" imeenea sana katika mazungumzo. Hata hivyo, katika insha aandike li-.

Sasa nije kwenye bluu, maana hapo ndipo penye jambo kubwa zaidi. Katika Kiswahili giza si rangi. Ni hali ya macho kukosa mwanga, na tunaisema kama kitu chenye mwendo wake: giza huingia, hutanda, hukolea, hutoweka. Rangi ikizidi tunasema imekoza, basi nguo yako ni ya bluu iliyokoza. Hata maneno ya kutilia mkazo yamegawana kazi: kitu ni cheusi tititi, lakini giza ni totoro. Hakuna anayesema "nguo nyeusi totoro" akaeleweka vizuri. Nasikitika pia ninaposoma "mtu mwenye ngozi ya giza". Mtu ni mweusi, au ni maji ya kunde. Maneno hayo tunayo, ni mazuri, na yanatosha.

Ukilishika hilo la kutoona, matumizi mengine yote yanajipanga yenyewe. Mgonjwa akisema "naona giza", anakaribia kuzimia. Mzee akisema macho yake yana kiza, uwezo wake wa kuona umepungua. Hili lisichanganywe na kiwi, ambacho huletwa na mwanga uliozidi. Kutoka machoni neno likahamia akilini: tuko gizani kuhusu jambo fulani, yaani hatujaambiwa, giza la ujinga, mbele ni giza, yaani hatujui yatakayokuja. Likahamia pia katika siri, kwa kuwa anayetenda gizani haonekani: mambo ya gizani, biashara za gizani. Waumini nao husema nguvu za giza wakimaanisha uchawi na mapepo, na hapo neno husimama mkabala na nuru zaidi kuliko mwanga. Mwanga tunauwasha hata kwa kiberiti, lakini nuru ina heshima ya pekee.

Kuna msemo mmoja wa ukoo huu ambao nawasihi waandishi wauache: "bara la giza" kwa maana ya Afrika. Wageni wa karne ya 19 waliuandika kwa kuwa wao hawakulijua bara hili. Waliokuwa wakiishi humo walikuwa wakijuana na kuonana vizuri.

Kabla giza halijawa giza kuna utusitusi, ule mwanga hafifu wa jioni au wa alfajiri ambamo unamwona mtu lakini humtambui. Ni neno linalostahili kurudi katika insha za watoto, kwani siku hizi kila kitu kisichong'aa kinaitwa giza.

Mambo mawili madogo kwa mwanao. Asiandike "katika gizani", kwa kuwa -ni tayari imefanya kazi ya katika; achague "katika giza" au "gizani". Na asijaribu kukipa kiza wingi wa viza. Giza halihesabiwi, na viza lina maana nyingine kabisa: yai viza ni yai lililoharibika.