Kiboko kwenye maji ya chumvi?

SWALI: Mhariri shikamoo. Juzi nilipanda boti Nyamisati naenda Mafia, kabla hatujatoka kwenye mikoko nikaona kiboko, masikio na pua nje, nikashtuka, abiria wenzangu wakasema mbona hapa wa kawaida tu. Sasa si maji ya chumvi yale? Na ni kweli mikoko ikikatwa kamba wanapungua? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Wenzako wamesema kweli, delta ya Rufiji ina viboko na mamba wapo pia, usije ukachovya mkono ovyo. Maji ya pale chumvi yake haikai sawa siku zote. Ya mto ni mepesi so yanaelea juu ya maji ya bahari, masika mto ukijaa chumvi inasukumwa nje huko, ikija kiangazi, hasa bamvua, yaani siku za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inapanda mpaka ndani kabisa ya matawi ya mto. Kiboko mchana anachotaka ni maji ya kujificha jua maana ngozi yake inakauka haraka sana, chumvi kidogo anavumilia ila kunywa lazima apate maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndo maana haendi mbali na mto. Usiku anapanda kutafuta majani, na wakulima wa mpunga wa kule wanamjua vizuri!

Kuhusu kamba, ndiyo, ni kweli kabisa, na hili linaniuma. Kamba mkubwa anataga baharini, halafu vile vitoto, vidogo hata huvioni, vinaingia na maji yakijaa mpaka kwenye mikoko, vinakaa kwenye tope vinakula uozo wa majani, na mizizi imesongamana kiasi kwamba samaki mkubwa hapenyi kuvila, vikikua ndo vinarudi baharini kwenye nyavu za wavuvi. Sasa Rufiji peke yake ina karibu nusu ya mikoko ya Tanzania bara, na watu wanafyeka kulima mpunga, baada ya miaka kadhaa magugu na chumvi vinawashinda wanahamia kufyeka pengine. Kamba wakue wapi jamani?

Ukirudi Mafia nenda kati ya Oktoba na Machi, pale Kilindoni unaweza kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vidudu vya baharini na uduvi.