Kabla hujasaini karatasi ya kuzima mashine ya mzee wako

Baba alianguka akiwa anapiga kalafati mtumbwi kule Ukerewe, presha ya siku nyingi, dawa anameza akikumbuka. Mpaka tunamvusha na meli kuja Mwanza mjini alikuwa haongei tena, CT scan ikaonyesha damu imevuja kwenye ubongo, usiku huohuo akaingizwa ICU akawekewa mashine ya kupumulia. Siku ya 11 nesi akanifuata koridoni na karatasi, dada saini hapa, niko peke yangu, ndala moja imekatika, hata chai sijanywa.

Usisaini. Hilo ndo la kwanza. Sisemi wana roho mbaya (hospitali siitaji), walikuwa wamezidiwa tu, ila ukisaini peke yako utabaki kuwa wewe ndo uliyemuua baba kwenye kila msiba mpaka uzeeke. Mwombe daktari kikao, ndugu wote chumba kimoja, wa mbali wawekeni loudspika. Maana kabla ya hapo kila mtu ana habari yake, mimi nimeambiwa hali mbaya, kaka wa Geita kaambiwa "anaendelea vizuri", kumbe vizuri yenyewe ni presha imeshuka, yeye huko anajua mzee kesho anakunywa uji.

Shangazi ndo alikuwa mgumu. Alikuwa anashinda pale anamkata baba kucha na kumpaka mafuta visigino, kwenye kikao akasimama: "Mwanangu daktari, kaka yangu yupo, jana kanishika mkono." Daktari hakubishana naye. Akatupeleka kitandani, akachomoa biki mfukoni akailaza kwenye kiganja cha baba, vidole vikaikamata. Akaitoa, akairudisha, vikaikamata tena vilevile. Akasema mama, huu mkono unashika chochote kinachougusa, kama kichanga. Shangazi akaomba ile biki, akairudia mwenyewe mara tatu, halafu akakaa chini.

Muulizeni daktari bila aibu: hii mashine inatibu au inashikilia tu? Akiamka atatujua? Tukingoja siku kumi nyingine mnategemea kuona nini? Tukiitoa atahangaika, na mtampa dawa gani asihangaike? Na mjue kutolewa mashine sio lazima afe palepale, kuna binti wa Marekani, Karen Ann Quinlan, mahakama iliruhusu atolewe 1976 akapumua mwenyewe, akaishi mpaka 1985 bila kuzinduka. Kwa hiyo jiandaeni kwa saa, kwa siku, au zaidi.

Msichanganye pia. Kumchoma mtu sindano ili afe ni kuua, sheria yetu haina mzaha na hilo. Kuacha mashine isiyomrudisha ni kitu kingine, hata padri alivyokuja alimwambia shangazi kwamba Papa Pio wa XII alishawajibu madaktari hilo mwaka 1957, hakuna wajibu wa kutumia njia zilizopita kiasi. Hapo nikaona mabega yake yanashuka.

Hela nayo isemwe. Tulishauza injini ya mtumbwi na kila mtu anaogopa kuitaja asionekane bahili, matokeo yake mjomba akaropoka vibaya tukagombana nusu saa. Itajeni mapema, ila isiwe ndo inayoamua.

Kilichoamua kwetu ni maneno ya baba mwenyewe. Kaka mkubwa akakumbuka, kupitia simu, sauti inakatikakatika, kwamba walishawahi kwenda kumwona jirani aliyelala miezi na mpira puani, wakati wa kurudi mzee akasema mimi mkiniona hivi nirudisheni ziwani. Hakuna aliyebisha. Mashine ikatolewa Ijumaa mchana, akapumua mpaka alfajiri, shangazi kamshika mkono na anajua kabisa ule mkono haumjui.

Baada ya arobaini nikamuuliza mama yeye angetaka nini. Akanuna, "unanitakia kifo?" Siku mbili hatukuongea vizuri. Ya tatu tunachambua dagaa, bila kuniangalia akasema: mpira wa chakula sawa, mashine ya kupumua wiki mbili basi, na wifi yako asiachiwe kuamua. Nimeandika kwenye daftari la vikoba, kaweka na dole gumba.