Usiweke LD_LIBRARY_PATH kwenye profile ya mashine nzima, mkuu

Mkuu, usiuweke huo mstari wa LD_LIBRARY_PATH, kigeu cha mazingira kinachoiambia Linux itafute maktaba za programu kwenye folda zipi. Kama umeshauweka, ufute sasa hivi, toka kwenye akaunti, ingia upya, ndipo uendelee kusoma.

Kwa mliofika sasa: mwenye uzi ameweka programu yake kwenye /opt/mfumo, inakataa kuwaka kwa sababu maktaba moja ya .so (faili la msimbo ambalo programu hulipakia inapowaka) haionekani, ingawa faili lenyewe lipo kwenye /opt/mfumo/lib. Mchangiaji wa pili kamwambia aandike kwenye /etc/profile.d, folda inayosomwa kila mtu anapoingia kwenye mashine, mstari huu: export LD_LIBRARY_PATH=/opt/mfumo/lib:$LD_LIBRARY_PATH. Naye kajibu "asante, imewaka". Hapo kwenye "imewaka" ndipo moyo wangu ulipolipuka.

Imewaka, sawa. Sasa jiulize nini kingine kimebadilika.

Ukiita programu kwenye Linux, kerneli haianzi na msimbo wako. Inasoma kichwa cha faili la ELF (muundo wa faili za programu kwenye Linux), inakuta limetaja kiunganishi chake, yaani programu ndogo ya kuunganisha maktaba, kwa mashine nyingi za x86-64 ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, inakipakia na kukikabidhi kazi. Kiunganishi ndicho kinachosoma orodha ya maktaba zinazohitajika, zile zenye alama ya NEEDED, na kuzitafuta moja baada ya nyingine. Kama jina halina mkwaju ndani yake, kinatafuta kwa mpangilio huu: RPATH ya kizamani iliyoandikwa ndani ya faili, ikiwa hakuna RUNPATH (mrithi wake), kisha LD_LIBRARY_PATH, kisha RUNPATH, kisha kashe ya /etc/ld.so.cache (orodha ya maktaba iliyoandaliwa na amri ya ldconfig), mwisho /lib na /usr/lib, au lib64 kwa baadhi ya mifumo. Kikipata jina linalolingana, na faili ni la aina sahihi ya prosesa, kinachukua hilo hilo. Hakiulizi nani kaliweka wala lilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Umeona LD_LIBRARY_PATH imekaa wapi? Mbele ya kashe na mbele ya folda za mfumo. Na ni kigeu cha mazingira, maana yake kila mchakato unaozaliwa na mchakato huo unakirithi. Umetaka kuisaidia programu moja, lakini umebadilisha utafutaji wa curl, git, python na kila kitu kitakachoitwa kutoka kwenye akaunti hiyo.

Mimi nilifuata ushauri huo huo. Programu ilikuja na folda yake ya lib, na ndani yake, pamoja na maktaba zake za ndani, kulikuwa na libcurl.so.4 ya zamani (maktaba inayotumiwa na curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni), iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo wa ukoo wa Red Hat. Seva yangu ilikuwa Debian. Nikaweka mstari, programu ikawaka, nikaendelea na mengine. Lakini programu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiita skripti ya nakala rudufu kila usiku. Skripti inakusanya data, inaibana, inaipeleka kwenye hifadhi ya mbali kwa curl, kisha inafuta kifurushi cha pale pale ili diski isijae. Skripti ikazaliwa na mchakato wenye LD_LIBRARY_PATH, curl ikarithi, na curl ya Debian ikapakia libcurl ya wageni kwa sababu soname, yaani jina ambalo maktaba hutafutwa kwalo, ni ile ile. Libcurl ile ilikuwa na njia ya vyeti vya kuthibitisha seva iliyokaangwa ndani yake wakati wa kukompailiwa: /etc/pki/tls/certs/ca-bundle.crt. Debian haina faili hilo, vyeti vyake viko /etc/ssl/certs. Curl ikawa inatoka na kosa namba 77, la kushindwa kusoma vyeti, kila usiku, skripti haikuwa inakagua jibu la curl, na ujumbe wa makosa ulikuwa unatupwa. Kifurushi kinafutwa, hakuna kilichofika.

Na nilijaribu kwa mkono, wakuu! Nilipohisi kuna kitu hakiko sawa niliendesha skripti kwa sudo, ikapita vizuri kabisa, nakala ikafika. Nikatulia. Kumbe sudo ni programu ya setuid, yaani huendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili badala ya yako, na kiunganishi kikiwasha programu ya aina hiyo hukipuuza kigeu hicho na kukiondoa kwenye mazingira. Jaribio langu lilikuwa linapima mashine tofauti na ile ya usiku. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote, kwa sababu jaribio lenyewe ndilo lililonidanganya.

Diski ilipokufa, nakala ya mwisho iliyofika ilikuwa ile niliyoisukuma kwa sudo, kuukuu kabisa, na hifadhi ya mbali ilishafuta nyingine zote kwa umri wao. Kazi ya watu wengine, si yangu peke yangu, ilipotea. Baadhi yao walinisamehe. Data haikurudi.

Sasa niseme juu ya waandishi wa miongozo ya namna hiyo. Mwongozo ule ulitoka kwa watengenezaji wa programu wenyewe, siwataji. Walikuwa na uwezo wa kuandika njia sahihi ndani ya faili lao siku wanalikompaili, bendera moja tu wakati wa kuunganisha. Badala yake wakamtwika mteja kigeu cha mashine nzima, bila onyo hata sentensi moja. Nilipowaandikia wakanijibu kwamba "ndivyo inavyofanyika". Ndivyo inavyofanyika na nani? Ukurasa wa man wa ld.so, yaani mwongozo wa kiunganishi chenyewe, uko wazi kuhusu mpangilio wa utafutaji, mtu yeyote anayeuza programu ya Linux anapaswa kuujua. Na wewe mchangiaji wa pili, najua nia yako ni njema, ila tafadhali rudi uhariri jibu lako, wengine watalinakili.

Tena mstari wenyewe una mtego mwingine. Kama LD_LIBRARY_PATH ilikuwa tupu mwanzoni, unabaki na nukta mbili mwishoni bila kitu baada yake, na kiunganishi husoma nafasi tupu kama folda uliyopo sasa. Yaani ukiingia kwenye folda yoyote ambayo mtu mwingine anaweza kuandika, akaacha humo libz.so.1 ya kwake, unaweza kuendesha msimbo wake bila kujua. Huo ni mlango wazi.

Kanuni yangu ni moja na siibadilishi: njia ya maktaba iandikwe ndani ya faili la programu, isiandikwe kwenye mazingira. Kama una msimbo wa chanzo, unapounganisha ongeza -Wl,-rpath,'$ORIGIN/../lib'. Kama huna, tumia patchelf, zana ya kubadilisha njia hiyo ndani ya faili lililokwisha kukompailiwa, ukianza na nakala ya faili:

patchelf --set-rpath '$ORIGIN/../lib' /opt/mfumo/bin/mfumo

Nukuu moja moja ni lazima, vinginevyo sheli itadhani $ORIGIN ni kigeu chake na kuweka utupu. $ORIGIN ni folda lilipo faili lenyewe, hivyo ukihamisha /opt/mfumo yote kwenda kwingine bado itafanya kazi. Watoto wa programu hawarithi chochote, na curl itabaki na libcurl ya mfumo.

Jambo litakalokukwamisha hapo: patchelf kwa kawaida huandika njia hiyo kama RUNPATH, na RUNPATH inahudumia tu maktaba ambazo faili hilo limezitaja moja kwa moja. Kama libA yako inahitaji libB iliyo kwenye folda hiyo hiyo, RUNPATH ya programu haimsaidii libA. Mpe naye yake, '$ORIGIN' inatosha. Wengi hufika hapa, wanaona kosa jipya, wanakata tamaa na kurudi kwenye export. Usirudi.

Usiweke pia /opt/mfumo/lib kwenye /etc/ld.so.conf.d na kuita ldconfig. Hiyo inafaa maktaba unazotaka mashine yote izione, na folda yenye libcurl ya mgeni si mojawapo.

Ukimaliza, thibitisha kwa LD_DEBUG=libs mbele ya amri; itakuonyesha kila mahali kiunganishi kilipotafuta na kilichochukua. Usiamini kwamba imefunguka basi imepona: kazi nyingi za maktaba (functions) huunganishwa pale zinapoitwa mara ya kwanza tu, isipokuwa faili limetengenezwa kuunganisha zote mwanzoni, kwa hiyo simboli (jina la kazi hiyo) iliyokosekana inaweza kukulipukia wiki ijayo. Iwashe mara moja na LD_BIND_NOW=1 uone kama italalamika. Na ldd, amri ya kuorodhesha maktaba za programu, inasoma mazingira ya terminali yako, si ya huduma inayowaka usiku, basi usiitumie kama ushahidi. Faili usiloliamini usilipitishe ldd kabisa, maana linaweza kuendeshwa. Tumia objdump -p, inayosoma faili bila kuliendesha, uangalie NEEDED.

Ukishaufuta huo mstari, kabla hujagusa kingine chochote, bandika hapa majibu ya readelf -d /opt/mfumo/bin/mfumo na orodha ya vilivyomo kwenye hiyo lib. Nikiona libcurl, libssl au libstdc++ humo, kagua nakala zako rudufu usiku huu huu, na usizikague kwa sudo.