Navi (ile skrini ya ramani ya kuonyesha njia) ya gari la Japan: mlivyouliza na majibu yake

*Nimetoa Toyota Ractis bandarini juzi, navi inawaka vizuri ila nikizunguka nayo Dar ramani haionyeshi mtaa hata mmoja. Imeharibika?*

Haijaharibika ndugu yangu. GPS ni ileile dunia nzima, ikishapata setelaiti 4 inajua ulipo, shida ni ramani iliyomo humo ndani ni ya Japan peke yake, Mbagala haimo. Fundi akikwambia akibadilisha lugha itaonyesha Dar usimpe hela, lugha ni lugha na ramani ni ramani.

*Nilichomoa memori kadi niweke nyimbo, sasa skrini imeganda na maandishi ya Kijapani, hata redio haishiki.*

Aisee hili linaniuma kwa sababu naliona kila wiki. Kwenye navi nyingi za Toyota ukibonyeza OPEN skrini inalala na nyuma yake utakuta kadi ndogo, watu wanadhani ni ya muziki kumbe ndio imebeba ramani na programu, ukiitoa mfumo mzima unagoma. Kama hujaifuta zima gari, irudishe vilevile, washa tena. Kama umeifuta usikimbilie kununua ya gari lingine mtaani, mara nyingi itakataa, tafuta fundi redio anayezijua hizo navi na umwambie ukweli kwamba umeifuta.

*Kila nikiwasha gari kuna dada anaongea Kijapani, anasemaje?*

Anasema kadi ya ETC haijawekwa, ni ya kulipia barabara za kulipia za kule Japan. Huku haina kazi, mwambie fundi umeme akichomoe hicho kifaa chake kinachoongea.

*Nikitoa hiyo navi nikafunga redio ya Android, ile yenye skrini kama ya simu, bando si litaisha?*

GPS yenyewe haili bando hata kidogo, kinachokula ni kupakua ramani, kwa hiyo ukiwa kwenye waifai pakua ramani ya mkoa mzima uiweke humo. Halafu simamia fundi wakati anafunga, kile kiantena cheusi chenye waya mrefu kikae juu ya dashibodi karibu na kioo, akikisukumia ndani nyuma ya vyuma mshale unaoonyesha ulipo kwenye ramani utakuwa unarukaruka. Na pale Ubungo kwenye daraja la Kijazi, barabara zimepandana ngazi 3, mashine inaweza isijue uko ya juu au ya chini, pale fuata vibao. Unakoenda andika kabla hujaondoa gari, au abiria akuandikie.