Fedha ya mazoezi ya kufundisha: saini kabla hujapanda basi

Mdogo wangu unayesoma ualimu, orodha ya shule za mazoezi ikitoka, usianze na kununua mashati. Ingia kwenye akaunti yako ya SIPA, ile ya mtandaoni ya Bodi ya Mikopo, uangalie umepangiwa shilingi ngapi kwenye kipengele cha mafunzo kwa vitendo. Ada tunaijua, bumu, ile fedha ya chakula na malazi, ndiyo usiseme. Hiki kipengele kingine wengi tunakikumbuka tukiwa tumeshafika kituoni, yaani shule ya mazoezi, na begi mkononi.

Bodi ya Mikopo huikokotoa fedha hiyo kwa siku, zisizozidi 56 kwa mwaka. Usipige hesabu kwa kiasi cha mwenzako wa chumbani, angalia chako. Na ujue tangu mapema kwamba ni mkopo. Ukiajiriwa, utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi mpaka deni liishe, na hizo siku za mazoezi zimo humo humo.

Mimi niliondoka chuoni Ijumaa nikiwa na haraka ya kuwahi kituo. Jumatatu majina ya waliotakiwa kusaini ili wapate fedha hiyo yakabandikwa. Kusaini ni kwa mwenyewe, rafiki hawezi kukusainia, na fedha isiyosainiwa ndani ya muda uliowekwa hurudishwa Bodi. Mfukoni nilikuwa na 38,000. Nikalipa chumba 15,000, nikanunua jiko la mkaa, kilichobaki kikaishia kwenye sabuni na mafuta ya taa. Wiki ya tatu nikaenda kumwomba ruhusa mkuu wa shule, nikapanda basi kurudi chuoni kusaini. Siku tatu nje ya darasa, mwalimu mlezi akinishikia vipindi vyangu vya Baiolojia, na 70,000 ya nauli kwenda na kurudi niliyokopa kwa shemeji. Kwa hiyo nakuomba sana: kama tangazo la kusaini halijatoka na tarehe ya kuripoti imefika, nenda kwa afisa mikopo wa chuo chako, muulize uso kwa uso utaratibu ukoje kwa walioko vituoni. Usiondoke na uvumi wa kwenye kundi la WhatsApp.

Jambo la pili ni kituo chenyewe. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua palipo na kitanda. Nyumbani kwa shangazi, kwa mjomba, au shule yenye nyumba ya mwalimu iliyo wazi. Nimeona watu wakichagua mji kwa sababu marafiki wanaenda huko, halafu wanalipa kodi ya miezi mitatu kwa mazoezi ya wiki nane. Mpigie mkuu wa shule kabla hujasafiri, jitambulishe vizuri, muulize kuhusu makazi na kama walimu wanapata chakula cha mchana. Wengi ni waungwana mno kwa mwalimu mwanafunzi, wanakumbuka walikopita.

Zana za kufundishia zitakula hela kuliko unavyodhani. Manila, kalamu za rangi, kuchapa maandalio ya somo ambayo msimamizi kutoka chuo atayataka yote siku akija. Kidato cha Pili niliwachorea moyo kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa na kugeuzwa upande wa ndani, mishipa ya damu chafu kwa mkaa, ya damu safi kwa udongo mwekundu uliochanganywa na maji ya mlenda. Mchoro ule ulining'inia ukutani mpaka naondoka, na watoto walikuwa wakija wenyewe jioni kuufuata kwa kidole. Azimio la kazi, ule mpango wa mada utakazofundisha, lakini, liandike kabla hujaondoka chuoni, ukiwa bado una umeme na maktaba.

Na kama hali ya nyumbani imebadilika tangu ulipoomba mkopo, labda mzazi amefariki, usikae kimya kwa aibu. Dirisha la rufaa hufunguliwa. Cheti cha kifo kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, maana hapo ndipo wengi hukwamia siku zikiwa zimebaki mbili. Mwenzangu mmoja alipita mazoezi yote akitembea kwa miguu asubuhi na jioni kwa sababu cheti cha baba yake kilikuwa bado kwenye kabati la mama, kijijini.