Maswali ya Wasomaji: Chama cha Kikomunisti na Mali ya Mtu Binafsi

Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba ukomunisti hautaki mali binafsi. Mbona China, inayotawaliwa na Chama cha Kikomunisti tangu 1949, imejaa mabilionea na viwanda vya wageni? Wameiacha imani yao? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, imani tutaifikia. Tuanze na tumbo. Hadi 1978 mkulima wa China alilima shamba la komuni, yaani la pamoja, akaandikiwa pointi za kazi, na mavuno yakagawanywa mwisho wa msimu. Aliyejituma na aliyekaa kivulini walipishana kidogo mno. Mwishoni mwa mwaka huo wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, waliwekeana mkataba wa siri: mashamba yagawanywe kaya kwa kaya, na viongozi wao wakifungwa, waliobaki wawalelee watoto. Mavuno yakapanda, wakubwa wa mkoa wakafumba macho, na kufikia 1984 komuni zilikuwa zimevunjwa karibu nchi nzima.

Utazame vizuri mpango wenyewe. Kaya haikuuziwa shamba, ilikabidhiwa kwa mkataba. Kwanza iliiuzia serikali kiasi kilichopangwa kwa bei iliyopangwa, kisha ikatoa fungu la kijiji. Kilichobaki ni chake, ikile au ikiuze. Serikali ilipata nafaka yake bila kumsimamia kila mtu jembeni. Mwenye ardhi hakubadilika. Aliyebadilika ni mla ziada.

Viwandani shida ilikuwa mashine za kizamani na uhaba wa fedha za kigeni. Mkopo hununua mashine lakini haumfundishi mtu kuiendesha, na deni hulipwa hata kiwanda kikifa. Mwekezaji huja na mashine, fundi na soko la nje, na hasara ikitokea anaila naye. Ndiyo maana sheria ya ubia ya Julai 1979 ilimtaka mgeni alete mtaji usiopungua asilimia 25. Wengi hudhani hicho kilikuwa kikomo cha juu. La, kilikuwa cha chini. Ulinzi uliwekwa kwingine: mwenyekiti wa bodi alipaswa kutoka upande wa China, sharti lililolegezwa 1990.

Mwaka 1980 zikafunguliwa kanda maalumu za kiuchumi nne: Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen. Kodi ya mapato ya kampuni humo ilikuwa asilimia 15. Shenzhen inapakana na Hong Kong, Zhuhai na Macau, na zote ziko mbali na viwanda vikuu vya Shanghai. Jaribio likiharibika, linaharibikia pembeni.

Na kuharibika kulikuwako. Kampuni ya ubia ilitakiwa ijitafutie dola zake yenyewe kwa kuuza nje. Beijing Jeep, ubia na American Motors ya Marekani, ilikuwa ikiunganisha magari kwa vipuri kutoka Marekani na kuyauza ndani kwa yuani, fedha ya China. Mwanzoni mwa 1986 kazi ikasimama kwa kukosa dola za kulipia vipuri, mpaka serikali ilipoingilia.

Sasa imani. Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, alikuwa amekwisha kupita njia hiyo 1921: wakulima waliruhusiwa kuuza ziada, viwanda vidogo vikakodishwa, serikali ikabaki na benki, viwanda vikubwa na biashara ya nje. Chama cha China nacho kilitangaza 1987 kwamba nchi iko katika "hatua ya awali ya ujamaa": ujamaa huhitaji uchumi uliokomaa, na China ilikuwa bado maskini. Kwa maoni yetu nadharia hiyo ilikuja kumvika nguo mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Tangu 1981 mfanyabiashara binafsi aliruhusiwa wasaidizi 2 na wanagenzi 5, basi. Mtu wa nane angemfanya bepari, kwa hoja iliyotolewa katika hesabu za Marx! Nian Guangjiu, muuza mbegu za kukaanga mjini Wuhu, akaajiri zaidi ya 100, na Deng Xiaoping, kiongozi mkuu wa China wakati huo, akaelekeza asiguswe. Katiba ilikuja kuitambua sekta binafsi 1988, watu wakiwa kazini zamani.

Je, wameacha? Msomaji anayekumbuka Azimio la Arusha anaijua lugha ya "njia kuu za uchumi". Huko China benki kubwa, mafuta, reli na umeme bado ni vya serikali, na wakuu wake huteuliwa na chama. Hata katika kampuni binafsi, wakipatikana wanachama watatu, katiba ya chama inataka tawi lianzishwe.

Mwekezaji akijenga kiwanda huko, ardhi inakuwa yake? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, na hata tajiri wa Kichina haimiliki. Ardhi ya mijini ni ya serikali, ya vijijini ni ya jumuiya za vijiji. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia kwa muda: kwa kanuni za 1990, miaka 70 kwa makazi, 50 kwa viwanda, 40 kwa biashara. Mnada wa kwanza ulifanyika Shenzhen tarehe 1 Desemba 1987, kiwanja cha meta za mraba 8,588 kwa yuani milioni 5.25, muda miaka 50. Kwenu nako Katiba ya 2010 inamzuia asiye raia kupita miaka 99.

Kuchanganya mpango na soko si kualika ulanguzi? (Msomaji, Bukoba)

Ulikuja, tena mwingi. Kuanzia 1985 kiwanda kilitoa kiasi cha mpango kwa bei ya serikali na kuuza kilichozidi kwa bei ya soko. Chuma kilekile kikawa na bei mbili, ya soko ikiwa juu sana. Mwenye ndugu ofisini alipata kibali, akachukua mzigo kwa bei ya serikali na kuusukuma sokoni siku hiyohiyo, hata bila kuuona. Kiangazi cha 1988, tetesi zilipoenea kwamba bei zote zingeachiwa, watu walifuta akiba benki na kukomba maduka. Mfumuko wa bei mwaka huo ulizidi asilimia 18. Uachiaji ukasitishwa. Miaka ya mwanzo ya 1990, bidhaa zilipokuwa tele na pengo limepungua, bei ya mpango ilifutwa kwa bidhaa nyingi, na kibali kikakosa mnunuzi.